Deacon Jones

David D. Jones, anayejulikana zaidi kwa jina la Deacon Jones (Eatonville, Florida, 9 Desemba 1938 – Anaheim, California, 3 Juni 2013), alikuwa mchezaji wa futiboli ya Marekani. Alicheza kama mlinzi wa pembeni katika Ligi ya Taifa ya Futiboli (NFL) kwa misimu 14, kuanzia mwaka 1961 hadi 1974. Misimu 11 ya kwanza aliichezea timu ya Los Angeles Rams, kisha miwili San Diego Chargers na mmoja Washington Redskins.

Anakumbukwa hasa kwa uwezo wake wa kumfikia mrushaji wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajatupa mpira. Tendo hilo huitwa saki, na Jones ndiye anayetajwa kuwa alilipa jina hilo. Hata hivyo, katika miaka yote aliyocheza, ligi haikumwandikia mlinzi idadi ya saki zake. Hesabu rasmi ilianza mwaka 1982, wakati Jones alikuwa amestaafu tayari. Ndiyo sababu jina lake hutajwa mara nyingi watu wanapojadili jinsi ya kupima nguvu ya safu ya ulinzi ya timu: je, inatosha kuhesabu warushaji walioangushwa, au kuna mambo mengine yasiyoonekana katika hesabu?

Kazi ya mlinzi wa pembeni

Katika futiboli ya Marekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10 (mita 9 hivi). Kila jaribio huanza mpira unapopitishwa nyuma kwa mrushaji, ambaye huitwa kwotabeki. Yeye anaweza kumkabidhi mkimbiaji mpira au kumtupia mwenzake aliye mbele.

Mbele ya mrushaji husimama wakingaji watano, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Upande wa pili wa mstari wapo walinzi. Katika miaka ya 1960 timu nyingi zilipanga walinzi wanne mstari wa mbele: wawili wa kati na wawili wa pembeni. Mrushaji akitaka kutupa, walinzi hao hukimbia kumfuata huku wakisukumana na wakingaji. Kwa kawaida wana sekunde mbili au tatu tu. Wakichelewa, mpira unakuwa umekwisha kutupwa.

Mlinzi akimwangusha mrushaji akiwa bado na mpira, jaribio linalofuata huanzia pale alipoangukia. Timu yake hupoteza jaribio moja pamoja na yadi kadhaa. Pigo kama hilo likirudiwa mara tatu au nne katika mechi moja, linaweza kubadili matokeo. Lakini mlinzi anaweza kuisaidia timu yake hata bila kumwangusha mtu. Akimkaribia mrushaji na kumlazimisha atupe mpira haraka, mpira huo unaweza kuanguka chini au kunaswa na wapinzani.

Maisha ya awali

Jones alizaliwa Eatonville, mji mdogo ulio karibu na Orlando katika jimbo la Florida. Mji huo ulisajiliwa mwaka 1887 na ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Marekani kuanzishwa na kuongozwa na Wamarekani Weusi wenyewe. Mwandishi Zora Neale Hurston pia alikulia hapo. Familia ya Jones ilikuwa na watu kumi, wazazi na watoto wanane, walioishi katika nyumba ndogo.

Ndani ya Eatonville watu Weusi walijitawala, lakini nje ya mipaka yake sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala kila kitu, kuanzia shule hadi mabomba ya maji ya kunywa. Akiwa mtu mzima, Jones alisimulia mara nyingi tukio moja la utotoni. Watu walikuwa wakitoka kanisani, gari lililojaa vijana wazungu likapita, na mmoja wao akarusha tikitimaji lililompiga bibi kizee kichwani. Vijana wale waliondoka wakicheka, na bibi yule akafariki siku chache baadaye. Kwa maelezo ya Jones, polisi hawakufanya uchunguzi wowote. Alisema kwamba tukio hilo lilimwachia hasira ambayo hakuwa na mahali pa kuipeleka mpaka alipopata uwanja wa futiboli.

Alisoma katika Shule ya Sekondari ya Hungerford mjini Eatonville. Huko alicheza futiboli, besiboli na mpira wa kikapu.

Chuo

Mwaka 1958 Jones alijiunga na chuo cha South Carolina State kilichopo Orangeburg, akipewa ufadhili wa masomo kwa ajili ya futiboli. Wakati huo wanafunzi Weusi wa majimbo ya Kusini walikuwa wakiandamana kudai haki za kiraia. Jones alishiriki katika maandamano hayo, na uongozi wa chuo ulipogundua ulimnyang’anya ufadhili wake.

Bahati yake ni kwamba mmoja wa makocha wasaidizi wa chuo alikuwa anahamia Mississippi Vocational College, ambacho sasa kinaitwa Mississippi Valley State University. Kocha huyo aliwaambia Jones na baadhi ya wenzake kwamba wangeweza kupata ufadhili huko. Jones alihamia Mississippi na kuichezea timu ya chuo hicho mwaka 1960. Timu iliposafiri, hoteli nyingi hazikuwapokea wachezaji Weusi, hivyo walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo wa wenyeji wao.

Vyuo vya watu Weusi vilikuwa na wachezaji wengi hodari, lakini timu kubwa za ligi hazikuvitembelea mara kwa mara. Jones aligunduliwa kwa bahati. Wasaka vipaji wa Rams walikuwa wakitazama filamu ya mechi ili kumchunguza mkimbiaji mmoja. Walichoona ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine mkubwa sana wa mstari wa mbele aliyekuwa na mbio kuliko mkimbiaji huyo. Mtu huyo alikuwa Jones.

Kuingia Rams

Katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1961, Rams walimchagua Jones katika raundi ya 14, akiwa mchezaji wa 186. Wachezaji wanaochaguliwa nyuma kiasi hicho mara nyingi hukatwa kabla msimu haujaanza. Jones hakukatwa. Kabla ya mwaka huo kuisha alikuwa tayari akicheza upande wa kushoto wa ulinzi.

Ni wakati huo alipojipa jina la Deacon, neno linalomaanisha shemasi. Alieleza kwamba kitabu cha simu kilijaa watu walioitwa David Jones, na kwamba hakuna ambaye angemkumbuka mchezaji mwenye jina la kawaida namna hiyo. Baadaye mashabiki walimwongezea jina jingine la utani, Waziri wa Ulinzi.

Jones alikuwa na urefu wa mita 1.96 hivi na uzito wa kilo 123 hivi. Kwa mtu wa umbo hilo alikuwa na kasi ya ajabu. Walinzi wengi wa zama zake walisubiri mkimbiaji aje upande wao. Yeye aliweza kumfukuza mwenye mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine.

Rams wa miaka hiyo hawakuwa timu nzuri. Mwaka 1961 walishinda mechi 4 na kupoteza 10. Mwaka 1962 walishinda mechi moja tu kati ya 14. Mtu aliyetazama msimamo wa ligi peke yake asingeweza kujua kwamba timu hiyo ilikuwa ikijenga mojawapo ya safu za ulinzi zilizoogopwa zaidi katika historia ya mchezo huo.

Wanne wa Kutisha

Mwaka 1963 Rams walimpata Rosey Grier kutoka New York Giants. Akiungana na Jones, Merlin Olsen na Lamar Lundy, safu ya mbele ilikamilika. Jones alisimama pembeni kushoto, Olsen katikati kushoto, Grier katikati kulia na Lundy pembeni kulia. Wanne hao walijulikana kote Marekani kwa jina la Wanne wa Kutisha.

Umuhimu wao ulikuwa katika idadi. Walinzi wanne walipambana na wakingaji watano, na bado walimfikia mrushaji. Kwa hiyo kocha hakulazimika kutuma wachezaji wengine kuwasaidia, na walinzi saba waliobaki waliweza kubaki nyuma kuwalinda wapokeaji. Mrushaji alibanwa pande zote mbili: mbele yake kulikuwa na watu wanaomjia, na nyuma yao hakukuwa na mtu aliye huru wa kumtupia.

Kila mmoja alimtegemea mwenzake. Olsen alikuwa na nguvu nyingi za kusukuma katikati, hivyo mrushaji hakuweza kusogea mbele kumkwepa Jones aliyekuwa akimzunguka kwa pembeni. Wakati mwingine wawili hao walibadilishana njia: mmoja aliwavuta wakingaji upande wake, na mwingine akapita katika nafasi iliyoachwa wazi. Wapinzani walipoweka watu wawili kumzuia Jones, Olsen alibaki na mtu mmoja. Walipowaelekeza wawili kwa Olsen, Jones ndiye aliyebaki na mmoja. Hakuna namna ya kuwagawa wakingaji watano ambayo ingewatosha wote wanne.

Grier aliumia kabla ya msimu wa 1967 na nafasi yake ikachukuliwa na Roger Brown. Grier alijulikana tena mwaka 1968 alipokuwa miongoni mwa watu waliomkamata muuaji wa Robert F. Kennedy mjini Los Angeles.

Mbinu zake

Silaha kubwa ya Jones ilikuwa hatua yake ya kwanza. Mara tu mpira ulipotikisika alikuwa ameondoka, na mkingaji alijikuta akimgeukia mtu aliyekwisha kufika ubavuni mwake.

Silaha ya pili ilikuwa pigo la kichwa. Jones alimpiga mkingaji kwa kiganja upande wa helmeti. Pigo hilo lilimfanya mkingaji afumbe macho au ageuze kichwa kwa nukta moja, na nukta hiyo ilitosha. Jones hakudai kwamba alibuni mbinu hiyo. Alisema aliipata kwa Grier, kisha akaiendeleza. Walinzi wengine wengi waliiga, na wakingaji wakawa wanamaliza mechi na maumivu ya kichwa. Ligi iliipiga marufuku mwaka 1977.

Upo pia ugumu wa nafasi yake ambao husahauliwa. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia, anapojiandaa kutupa, huupa mgongo upande wake wa kushoto. Mlinzi wa pembeni kulia humjia kutoka upande huo asiouona. Jones alicheza pembeni kushoto, kwa hiyo wengi wa warushaji walimwona anakuja. Isitoshe, timu nyingi ziliweka upande wake mpokeaji mmoja wa ziada karibu na mstari, aliyeweza kumsaidia mkingaji. Miongoni mwa wakingaji waliokabiliana naye alikuwa Forrest Gregg wa Green Bay Packers, anayehesabiwa kati ya wakingaji bora wa karne ya 20.

Jina la saki

Kabla ya Jones, waandishi wa michezo hawakuwa na neno moja la kueleza tendo la kumwangusha mrushaji akiwa na mpira. Walilazimika kulieleza kwa sentensi nzima, na jambo lisilo na jina fupi si rahisi kuhesabiwa.

Neno la Kiingereza alilolichagua Jones lina maana ya gunia. Katika maelezo yake alifananisha kazi yake na kuwatia warushaji wote wa ligi ndani ya gunia moja kisha kulipiga kwa rungu. Wakati mwingine alitumia maana nyingine ya neno hilohilo, ile ya jeshi linaloteka na kuharibu mji. Alitaka pia neno lililo fupi, linalotosha katika kichwa cha habari cha gazeti. Neno likaenea miongoni mwa wachezaji, watangazaji na waandishi, na mwishowe likaingia katika kanuni na takwimu za ligi.

Miaka ya ushindi na kukosa taji

Mwaka 1966 George Allen alikuwa kocha mkuu wa Rams. Allen aliamini kwamba mechi hushindwa kwa ulinzi, na chini yake timu ilibadilika haraka. Msimu wa 1967 Rams walishinda mechi 11, wakatoka sare 2 na kupoteza 1. Katika mechi ya mwisho ya msimu waliwakabili Baltimore Colts waliokuwa hawajafungwa hata mara moja, wakiongozwa na mrushaji maarufu Johnny Unitas. Rams walishinda 34–10. Timu hizo mbili zilimaliza na rekodi sawa kabisa, lakini Rams ndio waliotwaa nafasi ya kwanza ya divisheni kwa sababu ya matokeo ya mechi kati yao. Colts, waliopoteza mechi moja tu mwaka mzima, walibaki nje ya mechi za mchujo.

Wiki iliyofuata Rams walifungwa 28–7 na Green Bay Packers mjini Milwaukee. Mwaka 1969 walitwaa tena divisheni, wakafungwa 23–20 na Minnesota Vikings. Jones hakuwahi kucheza katika fainali ya Super Bowl. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba hata safu kali ya ulinzi ina mipaka. Timu inayoongoza huweza kukimbia na mpira badala ya kuutupa, na hapo mlinzi hodari wa kumfukuza mrushaji hukosa mtu wa kumfukuza.

Kwa upande wake binafsi Jones alipata heshima nyingi. Alichaguliwa kucheza mechi ya nyota ya Pro Bowl mara 8, mara 7 mfululizo kutoka 1964 hadi 1970 na tena mwaka 1972. Kwa miaka mitano mfululizo, 1965 hadi 1969, aliwekwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi. Mwaka 1967 na 1968 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi.

San Diego, Washington na kustaafu

Allen aliondoka Rams baada ya msimu wa 1970, na mwaka 1971 Jones alisumbuliwa na jeraha la mguu. Mwaka huohuo Rams walikuwa wamemchagua kijana Jack Youngblood, ambaye baadaye alirithi nafasi ya pembeni kushoto na kuwa nyota mwenyewe. Mwaka 1972 Rams walimbadilisha Jones na wachezaji wa San Diego Chargers. Huko aliongoza safu ya ulinzi na akachaguliwa tena kwenda Pro Bowl akiwa na umri wa miaka 33.

Msimu wake wa mwisho, 1974, alijiunga tena na George Allen katika timu ya Washington. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida alipewa nafasi ya kupiga teke la pointi moja ya ziada, kazi ambayo si ya walinzi, na akafunga. Alistaafu akiwa amecheza mechi 191.

Kupima nguvu ya Jones na ya safu yake

Kwa kuwa ligi haikuandika saki za kila mlinzi kabla ya 1982, mtu aliyefungua kitabu rasmi cha takwimu alikuta sufuri mbele ya jina la Jones. Zilizoandikwa zilikuwa yadi ambazo timu ilipoteza mrushaji wake alipoangushwa. Aliyemwangusha hakutajwa. Jones alilalamika kuhusu jambo hilo hadi uzeeni.

Watafiti wa historia ya mchezo walirudi kwenye kumbukumbu za timu, taarifa za kila mechi na filamu za zamani, wakahesabu saki moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilikuwa na matatizo yake. Kwa mfano, hesabu za zamani zilimpa Jones saki 26 katika msimu wa 1967, wakati watafiti waliochunguza upya walipata 21.5. Sehemu ya nusu hutokana na utaratibu wa kuwapa walinzi wawili nusu kila mmoja wanapomwangusha mrushaji kwa pamoja. Mwaka 2021 tovuti ya takwimu ya Pro Football Reference ilichapisha hesabu za kuanzia 1960, bila kuzifanya rasmi kwa ligi. Jones alipewa jumla ya saki 173.5. Idadi hiyo ilimweka nafasi ya tatu katika historia, nyuma ya Bruce Smith mwenye 200 na Reggie White mwenye 198.

Mpangilio hubadilika ukiangalia idadi ya mechi. Smith alicheza mechi 279, White 232 na Jones 191. Kwa wastani Smith alipata saki 0.72 kwa mechi, White 0.85 na Jones 0.91. Kwa kipimo hiki Jones ndiye wa kwanza kati ya watatu hao.

Hata wastani huo unahitaji tahadhari. Katika miaka ya 1960 timu zilitupa mpira mara chache kuliko leo, kwa hiyo Jones alipata nafasi chache za kumwangusha mrushaji. Hilo linampandisha. Kwa upande mwingine, warushaji wa zama zake walikaa na mpira muda mrefu zaidi wakisubiri kutupa mbali. Pia wakingaji hawakuruhusiwa kunyoosha mikono na kusukuma kwa viganja vilivyo wazi, jambo lililoruhusiwa mwaka 1978, na pigo la kichwa lilikuwa bado halali. Hayo yalimrahisishia kazi. Ndiyo maana idadi kavu haitoshi kulinganisha wachezaji wa vizazi tofauti.

Wachambuzi wa siku hizi hutumia vipimo kadhaa kwa pamoja. Huhesabu saki, lakini pia huhesabu mara ambazo mrushaji alipigwa baada ya kutupa, mara alizolazimika kutupa kwa haraka na mara alizokimbia kutoka mahali pake. Huangalia ni katika sehemu gani ya majaribio ya kutupa walinzi walifanikiwa kumkaribia, si jumla tu, kwa sababu timu inayoongoza mara nyingi hukutana na wapinzani wanaotupa zaidi. Huuliza kama shinikizo hilo lilitoka kwa walinzi wanne peke yao au kocha alilazimika kutuma watano au sita. Hutazama pia nani alizuiwa na watu wawili, kwa kuwa mlinzi wa namna hiyo huweza kumaliza mechi bila saki huku wenzake wakipata nafasi kwa ajili yake. Mwisho, huwatazama walinzi wa nyuma, maana saki nyingine hutokea kwa sababu mrushaji hakuona mtu wa kumtupia.

Vipimo hivyo vingi havipo kwa miaka ya Jones. Lakini filamu zilizobaki na mpangilio wa mechi hizo zinaonyesha kwamba Rams walikidhi lile sharti gumu zaidi: walimfikia mrushaji kwa watu wanne. Hilo linaeleza pia kwa nini si rahisi kumtenga Jones na Olsen, Grier na Lundy. Saki ziliandikwa kwa mtu mmoja, lakini mara nyingi zilitayarishwa na watatu wengine.

Maisha nje ya uwanja

Jones alipenda muziki. Alipokuwa bado mchezaji aliimba akisindikizwa na bendi iliyoitwa Nightshift, ambayo baadaye ilijulikana kama War na kupata umaarufu mkubwa. Aliigiza katika vipindi vya televisheni, kikiwemo The Brady Bunch, na alionekana katika filamu Heaven Can Wait ya mwaka 1978. Baada ya kustaafu alishiriki pia katika matangazo ya biashara na alizungumza hadharani mara nyingi kuhusu ubaguzi aliokutana nao ujanani.

Mwaka 1997 alianzisha Taasisi ya Deacon Jones, iliyolenga kuwasaidia vijana wa maeneo maskini ya mijini kupata elimu na malezi ya uongozi. Mtu ambaye aliwahi kunyang’anywa ufadhili wa masomo alitumia miaka yake ya mwisho kuwatafutia wengine nafasi ya kusoma.

Kifo na kumbukumbu

Jones aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Futiboli ya Kulipwa mwaka 1980, mara tu alipotimiza sharti la muda wa kustaafu. Jambo hilo lilitokea miaka miwili kabla saki hazijaanza kuhesabiwa rasmi. Waliompigia kura walitegemea yale waliyoyaona kwa macho. Mwaka 1994 alitajwa katika kikosi cha miaka 75 ya NFL, na mwaka 2019 katika kikosi cha miaka 100. Mwaka 2009 Rams, waliokuwa wamehamia St. Louis, waliistaafisha jezi yake namba 75.

Alifariki nyumbani kwake katika eneo la Anaheim Hills, California, tarehe 3 Juni 2013 akiwa na umri wa miaka 74.

Mwaka huohuo NFL ilianzisha Tuzo ya Deacon Jones, inayotolewa kila msimu kwa mchezaji anayeongoza kwa idadi ya saki. Wa kwanza kuipokea alikuwa Robert Mathis wa Indianapolis Colts, aliyepata saki 19.5 msimu wa 2013. Hivyo tuzo ya hesabu hiyo imebeba jina la mchezaji ambaye, katika vitabu rasmi vya ligi, hajaandikiwa saki hata moja.